Mkwe na Kokwa za Mbono

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mnaogopa kuamsha mtoto. Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nimesikia kuna watu.

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo mbuzi akiulizwa anajibu na kuku akitumwa ujumbe unafika, alikuwapo kijana jina lake Ungando. Ungando alikuwa na mkono wa kulima na tumbo la kula. Alipomwoa Sikudhani, mkono ule ukaitwa ukweni. Tumbo halikuitwa, lakini akaenda nalo.

Desturi ya watu wale ilikuwa hivi. Mume akishaoa, anakwenda kulima shamba la wakwe zake siku saba. Siku hizo saba analala ukweni, anafanya kazi ukweni, na anaogopa ukweni. Uso wa mama mkwe hauoni, wala mama mkwe hauoni uso wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambiana, anatumwa mtu wa tatu. Asipopatikana mtu, anatumwa kuku.

Siku moja kabla ya safari, mjomba wake alimkalisha chini.

"Ungando, kule unakokwenda watakupa wali. Utakula matonge mangapi?"

"Mpaka nishibe, mjomba."

Mjomba akashika kichwa. "Matonge matatu! La kwanza la kumshukuru baba mkwe. La pili la kumshukuru mama mkwe. La tatu la kuliaga sinia. Halafu unasema nimeshiba, unanawa."

"Na kama sijashiba?"

"Unasema nimeshiba."

"Na wakiniuliza kama nina njaa?"

"Unasema nimeshiba."

"Na nikianguka, mjomba?"

"Usianguke kabla hujanawa."

Basi Ungando akaenda ukweni na jembe begani na maneno ya mjomba kichwani.

Mama mkwe aliitwa Bi Mwanamvua. Mwanamke huyu alijua mambo mawili, kupika na kutibu, na watu walikuwa wakibishana lipi analijua zaidi. Siku ya kwanza alipika wali wa nazi na kisamvu. Sikudhani akalibeba sinia mpaka kwa mumewe na baba yake, Mzee Mkumba. Ungando akala tonge la kwanza. Akala la pili. Akala la tatu, akalishikilia mdomoni muda mrefu kuliko yale mawili. Kisha akasema, "Nimeshiba," akanawa.

Bi Mwanamvua akaliona sinia linarudi. Akalipima kwa jicho.

Siku ya pili alichinja jogoo, jambo ambalo Mtetea, kuku wake wa kutumwa, hakulifurahia. Akampika jogoo kwa tui zito. Ungando akala matonge matatu. "Nimeshiba." Akanawa.

Siku ya tatu alipika samaki wa kukaanga, akamwagia nazi, akaongeza maharage na mchicha, na sinia likabebwa na watu wawili. Ungando akala matonge matatu. "Nimeshiba." Akanawa, na mchana kutwa shambani alikuwa akinusa vidole.

Jioni ile Bi Mwanamvua akamwita Mtetea.

"Nenda kwa mkwe ukamwulize kama chumvi imezidi."

Mtetea akaenda. "Mkwe wetu, mama anauliza, chumvi imezidi?"

"Mwambie haikuzidi."

"Imepungua?"

"Haikupungua."

"Basi mbona huli?"

"Mwambie nimeshiba."

Mtetea akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. "Na hilo tumbo lako linasema nini?"

"Linashukuru," akasema Ungando.

Mtetea akarudi kwa Bi Mwanamvua na majibu, akayatia na ya kwake kidogo, kama desturi yake. Alisema mkwe ameshiba, ila uso aliukunja. Bi Mwanamvua akakaa jikoni na mwiko mkononi. Miaka thelathini alikuwa akipika, na hapakuwahi kutokea mtu aliyemrudishia sinia mara tatu. Akawaambia majirani waliokuja kuchukua moto, "Mkwe wangu hapendi mapishi yangu." Majirani wakachukua moto, wakachukua na maneno.

Siku ya nne, asubuhi, Ungando alikuwa akipalilia kando ya ua. Ua wa nyumba ile ulikuwa wa mibono. Mbono mnaujua: mti mfupi, majani mapana, tunda kijani, likiiva linakuwa la njano, likikauka linakuwa jeusi. Ndani ya kila tunda mna kokwa tatu. Ungando hakuujua. Kwao walizungushia miiba.

Jembe likaupiga mbono mmoja. Tunda kavu likaanguka, likapasuka. Kokwa moja ikavunjika, na ndani yake ikaonekana nyama nyeupe. Ungando akaiokota, akainusa. Ilinukia kama karanga.

Sasa mtu mwingine angefanya nini? Angeuliza. Angemwita mtu yeyote aliyepita akamwambia, "Bwana, hii inaliwa?" Lakini Ungando alikuwa ukweni. Na ukweni, kuuliza kama kitu kinaliwa ni sawa na kusema una njaa. Kusema una njaa ni sawa na kusema wakwe zako hawakulishi. Basi hakuuliza.

Hatua chache kutoka pale alifungwa Mbuzi, beberu mzee mwenye ndevu.

"Mkwe wetu," akaita Mbuzi, "unafanya nini hapo?"

"Natazama ua."

"Unautazama kwa pua?"

"Shughulika na kamba yako."

"Kamba yangu nimeshaila mara mbili," akasema Mbuzi. "Nimekula pia kikapu cha Bi Mwanamvua, na kanzu ya Mzee Mkumba mpaka kwenye makwapa. Ua huo siuli. Mama yangu hakuula, na bibi yangu hakuula. Kwa nini unadhani walipanda mti huo, na si mwingine?"

"Wewe ni mbuzi. Hujui ladha."

"Ladha sijui," akasema Mbuzi. "Ua naujua."

Ungando akamgeuzia mgongo. Aliona mtu mzima hawezi kupokea ushauri wa chakula kutoka kwa mnyama aliyekula kanzu.

Na hata pale nyuma ya ua, akiwa peke yake, adabu haikumtoka. Alichuma matunda matatu, hakuzidisha. La kwanza akamshukuru baba mkwe. La pili akamshukuru mama mkwe. La tatu akauaga ua. Matunda matatu, kila moja kokwa tatu. Hesabuni wenyewe. Akazimenya, akazitafuna vizuri, akameza. Zilikuwa na utamu kidogo. Akafuta mdomo, akaendelea kupalilia, na kwa mara ya kwanza katika siku nne akaimba.

Mbuzi akamwangalia, akatikisa ndevu.

Adhuhuri ikafika. Sinia likaja. Ungando akala tonge la kwanza, na koo likawaka. Akadhani ni pilipili. Akala la pili, koo likawaka zaidi. La tatu alilimeza kwa heshima tu. Akasema, "Nimeshiba." Akanawa mkono mmoja, na kabla hajanawa wa pili tumbo likamkata.

Akainuka. Akatembea kwa adabu mpaka kwenye kona ya nyumba. Alipokwisha kuipita kona, akakimbia.

Akarudi. Akaketi. Akainuka, akatembea kwa adabu, akakimbia.

Mara ya tatu hakuifikia kona.

Sikudhani akamkuta ameinama, anatapika, ameshikilia mti. "Mume wangu! Una nini?"

"Jua," akasema Ungando. "Jua limenipiga."

"Umekula nini?"

"Matonge matatu tu. Ya mama."

Sikudhani akamwingiza chumbani, akamlaza mkekani, akamwekea kitambaa chenye maji kichwani. Kichwa kikapoa. Tumbo halikusikia habari ya kitambaa.

Mzee Mkumba akaja. "Mkwe, una nini?"

"Uchovu wa safari, baba."

"Safari ya siku nne zilizopita?"

"Ulikuwa umekaa tu, baba. Leo umeinuka."

"Umekula nini?"

"Matonge matatu tu. Ya mama."

Mzee Mkumba akatoka nje na kuzunguka ua mara mbili. Kisha akasimama mlangoni pa jiko. "Mama Sikudhani," akasema, "umemlisha nini mtoto wa watu?"

Maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, lakini kijiji kile kilikuwa na masikio. Haukupita muda uwanja ukajaa. Waliokuja kuchukua moto jana, leo walikuja kurudisha maneno.

"Si alisema mwenyewe kwamba mkwe hapendi mapishi yake?"

"Alisema. Nilikuwapo."

"Labda amemkomesha."

"Kijana akifa, watu wa ukoo wake watakuja. Na wakija hawatauliza mara mbili. Bi Mwanamvua atarudishwa kwao, na hakuna atakayekula tena kilichotoka mkononi mwake, si chakula wala dawa."

Ungando, pale mkekani, aliyasikia yote. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, si wa kuzuia maneno.

Bi Mwanamvua akatoka jikoni. Alikuwa amebeba sinia lile lile, na wali ule ule ulioachwa. Akaketi katikati ya uwanja, akakunja miguu, akaanza kula. Alikula mbele yao wote, tonge baada ya tonge, mpaka sinia likang'aa. Akanawa.

"Nimekula," akasema. "Kaeni mnitazame."

Wakakaa wakamtazama. Watu wale kazi ya kutazama hawakuikataa kamwe. Wakangoja aanguke. Hakuanguka. Akajinyoosha, akapiga mwayo, akasema, "Basi si wali. Kijana amekula kitu kingine."

Hapo kila mtu akawa mganga.

"Apitishiwe unyoya kooni, atapike mpaka chini," akasema mmoja, na kumtazama Mtetea. Mtetea akarudi nyuma hatua tatu.

"Anyweshwe mafuta ya nazi, kibaba kizima," akasema wa pili.

"Afukizwe moshi chini ya shuka," akasema wa tatu.

"Hakuna mtu kumtia kitu kinywani," akasema Bi Mwanamvua, "mpaka nijue kilichoingia kwanza. Kitu kinachounguza kikishuka kimeunguza. Mkikipandisha kwa unyoya kitaunguza tena njia ile ile. Na mtu aliyelegea akitapishwa, matapishi yanaingia kifuani. Mtamzika kwa haraka yenu. Mtetea!"

"Labeka."

"Nenda kamwulize mkwe amekula nini. Mwambie aseme kweli."

Mtetea akaingia. Nyuma yake mlango ukajaa vichwa. "Mkwe wetu, mama anauliza umekula nini. Anasema useme kweli."

Ungando akafumbua mdomo. Aliijua kweli, na sasa ilikuwa imefika kwenye ulimi. Akamtazama Mtetea. Mtu akimwambia Mtetea jambo asubuhi, adhuhuri kila mwenye kuku analo. Akavitazama vile vichwa mlangoni. Aseme nini? Kwamba alikuja kulima, akaula ua? Kwamba siku nne ukweni hakushiba? Kweli ile ikarudi ilikotoka.

"Matonge matatu," akasema. Akageuza uso ukutani.

Bi Mwanamvua akapewa jibu. Akasimama.

"Ondokeni wote."

"Sisi tumekuja kusaidia," wakasema majirani.

"Mmesaidia. Ondokeni. Nawe pia, Mtetea."

Mtetea akashtuka mpaka manyoya yakasimama. "Mimi? Nani atapeleka maneno? Huwezi kusema naye wewe mwenyewe, ni mkwe wako!"

"Nitapata wa kumtuma."

Wakatoka mpaka nje ya ua, na huko wakasimama, maana nje ya ua napo ni mahali. Bi Mwanamvua akaenda jikoni, akakivingirisha kinu chake cha kutwangia mpaka mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Akakisimamisha kizingitini. Yeye akaketi upande wa nje, mgongo wake ukielekea kinu, na uso wake ukielekea uwanjani.

Zamani zile mbuzi alisema, kuku alisema, hata jembe liliwahi kunung'unika. Lakini kinu hakikuwahi kusema neno la mtu. Ndiyo sababu alikichagua.

"Kinu," akasema Bi Mwanamvua, "mwambie mkwe wangu kwamba nje hakuna mtu. Tupo mimi na wewe."

Kimya.

"Kinu, mwambie mkwe wangu kwamba nimetibu watoto waliokula sabuni, na mzee mmoja aliyekula dawa ya kuogeshea mbwa. Sikumcheka hata mmoja. Yule wa mbwa nilimcheka, lakini baadaye, nyumbani."

Kimya. Kisha sauti ikatoka ndani, ndogo. "Kinu... mwambie mama..."

"Kinu kinasikia."

"Mwambie nilikula zile za kwenye ua."

Bi Mwanamvua akafumba macho, akayafumbua. "Kinu, mwulize mkwe wangu: za mbono?"

"Sijui jina. Nyeusi. Ndani nyeupe."

"Kinu, mwulize: ngapi?"

"Matunda matatu. Kokwa tisa."

"Kinu, mwulize: alizimeza nzima au alizitafuna?"

"Nilizitafuna, mama. Vizuri."

"Bila shaka," akasema Bi Mwanamvua. "Kinu, mwulize: lini?"

"Asubuhi, jua likiwa pale juu ya mnazi wa jirani."

Sasa alikuwa na yote aliyoyataka: kitu gani, kiasi gani, saa ngapi. Akamwita Sikudhani, akamwambia aweke maji motoni yachemke, ayapoze, atie chumvi ya ncha ya vidole na asali kidogo. Hakutaka mafuta wala unyoya wala moshi. Kikombe kikapitishwa juu ya kinu.

"Kinu, mwambie mkwe wangu asukutue mdomo kwanza, ateme. Kisha anywe funda moja. Asigugumie. Funda, anapumzika, funda. Akitapika, angoje kidogo, aanze tena. Na alale ubavu, asilale chali."

Hapa ninyi mnaonisikiliza nawaomba kitu. Msije mkanikimbilia na kinu. Siku zile hapakuwa na zahanati. Leo mtu akila mbono, mchukueni yeye pamoja na zile kokwa alizobakiza, mwende mbio, na mkifika semeni kweli.

Tuendelee.

Ungando akanywa funda, akatapika. Akanywa funda, likakaa. Akanywa tena. Katikati ya mafunda, Bi Mwanamvua alikuwa na swali lililomkaa kifuani siku nne.

"Kinu, mwulize mkwe wangu. Kama alikuwa na njaa ya kula ua, wali wangu ulimkosea nini?"

Ungando akaanza kulia, ingawa machozi yalikuwa machache kwa sababu maji yalikuwa yameshatoka kwa njia nyingine.

"Kinu, mwambie mama kwamba wali wake naota. Mwambie yule samaki wa jana bado namnusa. Mjomba wangu alisema ni matonge matatu, basi. Mwambie tonge la tatu nilikuwa sitaki limalizike."

 Bi Mwanamvua alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kinu," akasema, "mwambie mkwe wangu kwamba mjomba wake ni punguani. Mwambie nimesema kwa heshima."

Jua likapita upande wa pili wa nyumba. Ungando alitoka, akarudi, akatoka, akarudi, mara nyingine kwa kutambaa. Halafu hakutoka tena.

"Kinu, mwulize mkwe wangu kama amekunywa."

Kimya.

"Kinu, mwulize kama ananisikia."

Kimya.

"Kinu, mwulize..." Akaacha. Kinu hakina macho.

Bi Mwanamvua akasimama. Akageuka. Akakisukuma kinu kando kikaanguka, kishindo kikafika nje ya ua, na vichwa vyote vikainuka juu ya mibono. Wakamwona akiingia chumbani kwa mkwe wake. Wakamwona akipiga magoti, akikishika kichwa chake kwa mikono miwili, akimtazama usoni.

"Mama Sikudhani!" Mzee Mkumba akapiga kelele. "Uso wa mkwe!"

"Nikifumba macho," akajibu bila kugeuka, "tutazika maiti mwenye adabu. Lete kijiko."

Akamfunua kope. Akamtazama ulimi, ulikuwa mkavu. Akaifinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama kama kitambaa. Akamkalisha, akamwegemeza kifuani mwake kama mtoto, akampiga mashavuni. "Ungando! Usilale. Meza." Kijiko kimoja. "Meza." Kijiko cha pili. "Sikudhani, simama pale, mwimbie mumeo wimbo asioupenda." Kijiko cha tatu.

Jua lilipokuwa linazama, Ungando akafumbua macho. Akaona uso wa mwanamke asiyemjua, karibu kabisa na wake, una jasho na mikunjo.

"Wewe nani?" akauliza.

"Mimi wali," akasema Bi Mwanamvua. "Meza."

Baadaye kidogo Ungando akakojoa, ishara kwamba maji yamekaa mwilini. Bi Mwanamvua akatoka uwanjani akapiga kigelegele, na kijiji kile kikamwona kwa mara ya kwanza mwanamke mzima akishangilia mkojo wa mkwewe.

Asubuhi yake wazee watatu wakakaa kikao na Mzee Mkumba uwanjani. Hawakuwa na raha. Uso wa mkwe ulikuwa umeonwa, na hilo lilikuwa kosa. Na neno la sumu lilikuwa bado linazunguka, kwa sababu lile la kinu hakuna aliyelisikia. Bi Mwanamvua angeweza kulisema. Aliulizwa mara tatu mkwe alikula nini, na mara tatu akajibu, "Aliniambia kupitia kinu. Kiulizeni kinu."

"Mwanamke huyu anatudhihaki," akasema mzee wa kwanza.

"Au anaficha," akasema wa pili.

"Basi ni kweli alimlisha kitu," akasema wa tatu.

Ungando alikuwa amejiegemeza mlangoni.  Nje palikuwa na watu wengi kuliko jana. Mtetea alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mbuzi naye alikuwapo, na kipande cha kamba mdomoni.

Ungando angeweza kurudi mkekani. Alikuwa mgonjwa, hakuna ambaye angemlaumu. Akatoka mpaka katikati ya uwanja.

"Wazee wangu," akasema, "mama hakunilisha sumu. Nilikula mbono. Kokwa tisa, kwa mkono wangu mwenyewe."

Uwanja ukanguruma. Mbuzi akasema, "Mimi nilimwambia," lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Mbono?" akauliza mzee wa kwanza. "Kijana mwenye akili zake ale ua? Kwa nini?"

Ungando akameza mate. Koo bado lilikuwa linauma.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

 Neno lile halikuwahi kusemwa na mkwe yeyote katika uwanja ule. Watu walisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Kisha mwanamke mmoja akacheka, akafuata wa pili, na uwanja mzima ukacheka mpaka watoto wakashika matumbo. Ungando akasimama pale pale akachekwa. Kicheko kilimuuma, lakini akaona hakikumuuma kama mbono.

Mzee Mkumba peke yake hakucheka. Alikuwa anachora ardhini kwa bakora.

"Mimi," akasema polepole, "nilipokwenda kulima kwa wakwe zangu, nilikula udongo wa kichuguu."

Kicheko kikakatika.

"Wewe?" akauliza Bi Mwanamvua. "Kwetu?"

"Siku tano. Ulikuwa na chumvichumvi."

Mzee wa pili akakohoa. "Mimi nilikula makapi ya nguruwe wa jirani. Niligombana na nguruwe mwenyewe."

Mzee wa tatu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alikuwa anatazama miguu yake. "Mimi walinipa mbegu za kunde nikapande," akasema. "Kikapu kizima. Nilizila mbichi zote, nikafukia mashimo matupu. Zilipokosa kuota nikasema panya wamezifukua."

Pale nyuma, ajuza mmoja mwenye mkongojo akasimama. Alikuwa mama mkwe wa mzee yule, na tangu amwoze binti yake hakuwahi kusema naye neno moja.

"Ni wewe?" akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilitega mitego miaka miwili! Nilinunua paka!"

Mzee wa tatu akaruka kutafuta kichaka. Hapakuwa na kichaka. Akabaki amesimama mbele ya mama mkwe wake, mtu wa mvi na wajukuu, wakitazamana uso kwa uso.

"Samahani, mama," akasema.

"Paka yule aliniparua mpaka nikaugua," akasema ajuza. Kisha akaketi, akacheka bila meno.

Kesi ile haikuhukumiwa. Wazee walitafuta mtu wa kuhukumu, wakakosa asiyewahi kula kitu.

Bi Mwanamvua akaenda jikoni. Akarudi na bakuli, akampita Mtetea, akalipeleka mwenyewe mpaka mbele ya Ungando, akamtazama usoni mchana kweupe.

"Leo ni uji mwepesi tu," akasema. "Kesho wali. Na ukiniambia umeshiba, nitalisikiliza tumbo kwanza."

Ungando akapokea kwa mikono miwili. Akanywa mpaka chini, akamnyooshea mama mkwe bakuli tupu, watu wote wakiona.

"Mama," akasema, "niongeze."

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapo. Aliyeipenda aichukue, na aliyesinzia aulize jirani.